MAISHA YA DAKTARI ROBERT KOCH NA SAFARI YAKE YA NYANZA

Robert Koch alizaliwa Clausthal, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 11 Disemba 1843. Alisoma utabibu Göttingen, akahitimu mwaka wa 1866, kisha akawa tabibu wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Huko hakuwa na chuo wala mwalimu wa kumwongoza. Alikuwa na chumba nyumbani kwake, darubini ya kukuzia vitu vidogo, na panya wa kujaribia. Kwa vyombo hivyo alikifuata kijidudu cha kimeta, ugonjwa uuao ng'ombe na kondoo, hatta akajua maisha yake yote, na khabari yake ikapigwa chapa mwaka wa 1876. Tarehe 24 Machi 1882 aliwaonyesha mabingwa wa Berlin kijidudu cha kifua kikuu. Baadaye akakifuata kipindupindu Misri na Bara Hindi.

Mwaka wa 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, na namna ya kuitengeneza akaificha. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila nchi. Haukupita muda mrefu ikadhihirika kuwa dawa ile haiponyi, na wengine walikufa baada ya kuchomwa sindano yake. Basi mtu aliyevumilia miaka kabla ya kusema neno juu ya kimeta, hapa alisema kabla ya wakati.

Afrika ya Mashariki aliijua mapema. Alikuwa Dar es Salaam mwaka wa 1897 na 1898, na mwaka wa 1905 alichunguza homa ya papasi, akaona kuwa vijidudu vyake huingia hatta katika mayai ya papasi, watoto wakazaliwa navyo. Mwaka ule ule alipewa zawadi ya Nobel.

Wakati huo malale yalikuwa yakiwamaliza watu wa pwani ya Ziwa Victoria Nyanza, khasa upande wa Uganda. Baina ya mwaka wa 1900 na 1920 inakisiwa walikufa zaidi ya 200,000. David Bruce, Mwingereza, alikuwa amekwisha onyesha mwaka wa 1903 kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wa maradhi hayo. Serikali ya Ujerumani ikaogopa yasije yakashuka katika nchi iliyoitawala, ikampeleka Koch mwaka wa 1906. Akafika Mwanza, lakini wagonjwa aliowakuta huko hawakumtosha kwa uchunguzi. Akavuka ziwa kwenda Visiwa vya Sese, akapiga kambi katika kisiwa cha Bugala.

Wagonjwa waliomjia walipita 1,000. Aliwachoma sindano ya atoksili, dawa yenye zarniki ndani yake, nusu gramu kwa kila mara. Vijidudu vikatoweka katika damu, na watu waliokuwa hawawezi kusimama wakainuka. Koch akaandika Ujerumani kwa furaha kubwa, akaifananisha dawa hiyo na kwinini kwa homa ya malaria. Lakini vijidudu vilirudi. Ndipo akaongeza kipimo hatta gramu moja, ili nguvu ya dawa idumu; na katika waliopewa kipimo hicho, zaidi ya 20 walipofuka. Sindano zikasimamishwa, wala macho yao hayakufunguka tena. Watu hawa walimjia kutafuta uzima, na hesabu ya kosa waliilipa wao.

Aligundua pia kuwa wagonjwa wa Kiziba, karibu na Bukoba, maradhi waliyapata Uganda walikokwenda kufanya kazi. Aliona damu ya mamba ni chakula kikubwa cha mbung'o wa ziwani, akashauri mamba wauawe, vichaka vya pwani vifyekwe, na wagonjwa watengwe katika makambi. Alirudi kwao mwaka wa 1907. Mwenzake Friedrich Karl Kleine alibaki na kazi, na huko Kirugu, pwani ya ziwa hilo hilo, akathibitisha kuwa kijidudu hukua ndani ya mbung'o kwa siku nyingi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Jambo hilo likachapishwa mwaka wa 1909.

Mwaka huo huo ilitoka ripoti ya mwisho ya Koch, Beck na Kleine. Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, na majivu yake yakawekwa katika chuo chake Berlin. Maandishi yake yalikusanywa mwaka wa 1912, na ndani yake zimo barua za furaha za Sese pamoja na khabari ya waliopofuka.