Kutoka Uganga wa Mifugo hadi Umakamu wa Rais

Marehemu Dakta Omar Ali Juma alizaliwa Pemba mwaka 1941, akasomea udaktari wa mifugo. Ng'ombe hasemi anapoumwa. Mganga wake hana budi kutazama, kupima na kupambanua ndipo atoe dawa. Matatizo ya nchi nayo huonyesha dalili tu, yakaficha chanzo. Mwana huyo wa Pemba akawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar mwaka 1988, kisha Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia 1995 hadi alipofariki Julai 2001.

Kijana anayefundishwa kukariri tu atangojea ajira. Anayefundishwa kutafuta kiini cha tatizo hujifungulia mlango. Wakuu wa elimu visiwani wasiupuuze wajibu huo.