Daktari Paul Carlson, Mganga Asiyewaacha Wagonjwa Wake

Mwaka 1964 mji wa Kisangani, ulioitwa wakati ule Stanleyville, ulipatwa na msiba mkubwa. Wakongo wengi sana waliuawa, na wageni pia. Miongoni mwa hao wageni alikuwapo mganga mmoja Mmarekani, ambaye hakuja Kongo kutafuta mali wala cheo. Jina lake Paul Carlson. Wagonjwa wake walimwita Monganga Paul, maana kwa Kilingala monganga ndiye daktari.

Paul alizaliwa tarehe 31 Machi 1928, Culver City, katika jimbo la California. Hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mprotestanti, mshirika wa Kanisa la Evangelical Covenant, lililoanzishwa na Waswidi waliohamia Marekani. Alisoma udaktari, akamwoa Lois, aliyekuwa muuguzi, nao wakajaliwa watoto wawili, mwana na binti. Kwao kazi haikukosekana. Daktari wa California aliweza kujenga nyumba nzuri na kuishi kwa raha mpaka uzee.

Lakini tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na mara machafuko yakaanza. Waganga wengi wa Kibelgiji waliondoka. Wakoloni walikuwa wamewafundisha Wakongo kuwa wauguzi na wasaidizi wa waganga, bali siku ile ya uhuru hapakuwapo bado Mkongo aliyemaliza masomo ya udaktari katika chuo kikuu. Basi hospitali nyingi zilibaki zina vitanda na wagonjwa, lakini daktari hamna. Waprotestanti wakaomba waganga wa kusaidia kwa miezi michache. Mwaka 1961 Paul alikubali, akaenda Ubangi, upande wa kaskazini.

Miezi hiyo ilipokwisha alirudi kwao, lakini moyo wake haukutulia. Aliwakumbuka watu waliotembea siku nyingi wakimbeba mgonjwa wao. Hatimaye yeye na mkewe wakakata shauri. Mwaka 1963 walihamia Wasolo, katika Ubangi, pamoja na watoto wao.

Hospitali ya Wasolo ilikuwa na vitanda 80 hivi, na watu wapatao 100,000 waliitegemea. Kazi haikuwa na mwisho. Paul alipasua, alitibu homa na vidonda, aliwasaidia akina mama walioshindwa kujifungua. Wauguzi Wakongo walishirikiana naye mchana na usiku, wala bila wao asingaliweza neno. Ujira wake ulikuwa mdogo kuliko ule aliouacha California. Hakunung'unika.

Mwaka 1964 vita vya wapiganaji walioitwa Simba vilienea mashariki mwa Kongo. Tarehe 5 Agosti waliutwaa mji wa Stanleyville, kisha wakaelekea kaskazini. Mwezi wa Septemba, habari za hatari zilipofika Wasolo, Paul aliwavusha mke na watoto kwenye mto Ubangi, akawaweka salama katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hapo angaliweza kukaa nao. Hakuna ambaye angalimlaumu, kwa maana baba ana wajibu kwa watoto wake. Hata hivyo wagonjwa walikuwa wangali wamelala hospitalini, nao hawakuweza kukimbia. Paul akavuka tena, akarudi kwao. Hakutafuta kifo, alitaka kumaliza wajibu wake. Kabla hajaweza kuondoka, Simba walifika wakamkamata.

Wakampeleka Stanleyville, safari ya mamia ya kilomita. Huko radio ya waasi ilitangaza kwamba yeye si mganga, ni askari wa kukodiwa, mwenye cheo cha meja, tena mpelelezi wa Marekani. Hayo yote yalikuwa uongo. Akahukumiwa kufa. Siku ya kuuawa ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, kwa sababu wakubwa wa waasi walitaka kumtumia katika mashauri yao na serikali ya Marekani. Hivyo kwa muda wa majuma kadhaa mtu huyu aliamka kila asubuhi bila kujua kama ataiona jioni. Alikuwa na kitabu cha Agano Jipya. Siku moja kabla ya kifo chake aliandika ndani yake tarehe ya siku hiyo, na neno moja tu, la amani.

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kutoka ndege za Marekani. Simba waliwatoa mateka wao hotelini, wakawaketisha barabarani, kisha wakawapiga risasi. Wanaume, wanawake, hata watoto wadogo walianguka. Waliobaki wakakimbia. Paul na wenzake walifika kwenye nyumba moja yenye ukuta. Mwenzake alitangulia kupanda, akageuka kumvuta Paul. Risasi zikampata Paul kabla hajavuka. Alikuwa na umri wa miaka 36. Alizikwa Karawa, katika Ubangi, kati ya watu aliowatibu.

Juma moja baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa Isiro. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 1985. Paul hakupewa jina hilo, lakini watu wa Ubangi hawakumsahau. Baada ya kifo chake hospitali ya Loko, katika Ubangi hiyo hiyo, ilianzishwa kwa kumkumbuka.

Mkatekumeni aliyejifunza mfano wa Msamaria Mwema anajua kwamba mtu yule hakusali pamoja na Wayahudi. Bwana Wetu alimchagua kwa sababu alisimama njiani, alipomkuta aliyejeruhiwa, akamwona kuwa jirani. Wasolo hapakuulizwa mgonjwa ni wa kabila gani au dini gani. Aliulizwa anaumwa wapi.

Si kila mtu ataitwa kufa kwa ajili ya wagonjwa. Ila katika kila kijiji yupo mzee asiye na wa kumtekea maji, yupo mama mjamzito asiye na wa kumfikisha zahanati, yupo mkimbizi mwenye homa ambaye watu wanampita. Anayejiandaa kubatizwa aanze na hao, na aanze leo.