Moholy-Nagy: Afisa wa Mizinga Aliyechora kwa Amri

László Moholy-Nagy alizaliwa tarehe 20 Julai, 1895, katika kijiji cha Bácsborsód, Hungaria. Alikuwa akisomea sheria mjini Budapest vita kuu ya kwanza ilipozuka. Mwaka 1915 aliingia katika jeshi la Austria na Hungaria, akawa afisa wa mizinga. Mapigano yalipotulia alichora mamia ya picha nyuma ya kadi za posta za jeshi. Mwaka 1917 alijeruhiwa. Baada ya vita aliiacha sheria, akashika uchoraji, na mwaka 1920 akahamia Berlin.

Huko Ujerumani, mnamo 1922 na 1923, alifanya jambo lililowashangaza wengi. Alipanga picha kwenye karatasi ya miraba, akateua rangi katika orodha ya kiwanda cha kutengeneza vibao, kisha akatoa agizo. Yeye mwenyewe hakugusa brashi. Mafundi walitengeneza picha tatu za namna moja, zilizotofautiana kwa ukubwa tu, juu ya chuma chenye rangi ngumu ya kuokwa, kama ile ya vikombe vyetu vya bwaloni. Mwaka 1924 zilionyeshwa Berlin.

Baadaye Moholy alisimulia kwamba aliagiza kwa simu, msimamizi wa kiwanda akiwa na karatasi kama yake. Lucia, mkewe wa kwanza, alikumbuka vingine: mumewe alikwenda kuagiza mwenyewe, na alipoiona kazi alifurahi, akatamka kuwa hata kwa simu ingaliwezekana.

Je, picha ile ni ya nani? Askari hawezi kulistaajabia sana swali hili. Mpiga mzinga mara nyingi halioni shabaha lake; hutegemea namba anazopewa na afisa aliye mbali. Namba zikiwa sahihi, kombora hufika. Zikikosewa, lawama ni ya aliyezitoa, wala si ya mikono iliyotii. Moholy aliichukua dhamana hiyo: agizo lake lilitimia hata fundi asiyemjua aliweza kulitekeleza. Hata hivyo sifa zote zilimwendea yeye, na mafundi wale hawatajwi kwa majina. Kamanda mwema hawasahau watu wake namna hiyo.

Kuanzia 1923 hadi 1928 alifundisha katika shule mashuhuri ya Bauhaus. Manazi waliposhika utawala aliihama Ujerumani, akafika London mwaka 1935 na Chicago mwaka 1937, ambako aliongoza shule mpya ya usanifu. Wakati wa vita kuu ya pili shule yake ilifundisha mbinu za kuficha watu na zana machoni pa adui.

Saratani ya damu ilimshika mwaka 1945, lakini hakuacha kazi. Alifariki Chicago tarehe 24 Novemba, 1946, akiwa na umri wa miaka 51. Picha zake za chuma zingalipo, nazo zashuhudia kwamba amri iliyofikiriwa vema huweza kuishi kuliko aliyeitoa na walioitekeleza.