Virchow, kijana aliyelifuata bonge la damu

Wengi wetu tukisikia jina la Virchow tunasema hilo ni desa la watu wa udaktari, sisi wa ualimu halituhusu. Hata mimi niliwaza hivyo, mpaka niliposoma maisha yake.

Rudolf Virchow alizaliwa 1821 katika mji mdogo wa Pomerania, enzi hizo Prussia, leo ni Poland. Kwao pesa ilikuwa ya shida, hivyo alisomea udaktari Berlin kwa gharama za jeshi. Alihitimu 1843, akaanza kazi hospitali ya Charité.

Mkubwa wa fani wakati huo alikuwa Cruveilhier wa Paris. Yeye alifundisha kwamba damu huganda kwa sababu mshipa umevimba. Kwa hiyo, bonge likikutwa kwenye mapafu ya maiti, ilionekana limetokea hapo hapo.

Kijana hakuridhika. Kila alipokuta bonge mapafuni, alishuka kukagua mishipa ya miguu, na mara nyingi alikuta mengine huko. Basi huenda kipande kilikatika mguuni, kikasafiri na damu, kikapita moyoni, kikakwama mapafuni! Ili kuhakikisha, aliingiza vipande vya mpira kwenye mshipa wa shingo wa mbwa. Baadaye akavikuta mapafuni. Ubishi ukaisha. Kuganda kwa damu ndani ya mshipa akakuita thrombosi, na bonge kusafiri hadi kukwama akakuita embolia. Alikuwa hata hajafika miaka 30.

Mwaka 1848 serikali ilimtuma Upper Silesia, ambako homa kali ilikuwa inaua watu. Huko pia hakuishia kwa wagonjwa. Alirudi na taarifa kwamba chanzo ni umaskini, njaa na ujinga, na kwamba dawa yake ni shule, uhuru na maisha bora. Mwaka huo huo akajiunga na wanamapinduzi wa Berlin. Mwaka uliofuata akapoteza nafasi yake Charité, akahamia Würzburg. Berlin ilimrudisha 1856, safari hii akiwa profesa.

Lakini jamaa hakuwa malaika. Semmelweis alipowataka madaktari wanawe mikono kabla ya kuzalisha, Virchow alikuwa miongoni mwa waliompinga. Yule kijana aliyewabishia wakubwa, naye akawa mkubwa asiyesikia.

Januari 1902 alivunjika mfupa wa paja akishuka kwenye tramu. Alifariki Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 80.

Leo daktari akiona mgonjwa amebanwa pumzi ghafla, anamuuliza pia kuhusu miguu: je, mmoja umevimba? Unauma? Hiyo ni kazi ya Virchow. Nasi wanachuo wa ualimu tuna la kujifunza hapo. Kesho mtoto atasinzia kwenye kipindi chako. Kabla hujamwita mvivu, uliza kwanza kama jana usiku alikula.