Kinyanjui wa Gathirimu: Msaliti au Mtu wa Wakati Wake?

Wanafunzi wengi wa Kawangware hupita kila siku karibu na chuo cha kiufundi cha P.C. Kinyanjui pale Riruta. Herufi hizo mbili ni kifupisho cha Kiingereza cha cheo cha Chifu Mkuu. Mwenyewe ni Kinyanjui wa Gathirimu, aliyefariki mwaka 1929.

Maisha yake
Kinyanjui hakutoka katika ukoo wenye mali. Alifika Dagoretti akiwa hana kitu, akajitafutia riziki kwa kuongoza misafara ya IBEA, kampuni ya Waingereza. Mwenye sauti katika eneo hilo alikuwa Waiyaki wa Hinga, ambaye mwaka 1890 alikula kiapo cha undugu na Kapteni Lugard. Undugu huo haukudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Kampuni ikamwinua Kinyanjui, na baadaye serikali ya kikoloni ikamfanya Chifu Mkuu. Cheo hicho kilikuwa kigeni, kwani Wakikuyu waliamuliwa mambo yao na mabaraza ya wazee.

Tatizo la kumhukumu
Leo ni rahisi kuandika kwamba Waiyaki ni shujaa wa taifa na Kinyanjui msaliti wa taifa. Lakini taifa lipi? Mwaka 1892 hapakuwa na Kenya. Koloni lilipewa jina hilo mwaka 1920. Mtu wa wakati ule alifikiria kwanza ukoo wake, shamba lake na mifugo yake. Hata Waiyaki alianza kwa kuwakaribisha Waingereza hao hao.

Kosa kama hili huwapata pia Wanubi wa Kibera, jirani na Kawangware. Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan, nao walikaa hapo kwa idhini ya serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Wanaowaita wageni hutumia kipimo cha uraia ambacho hakikuwapo walipofika.

Je, basi Kinyanjui asilaumiwe? La. Apimwe kwa kipimo cha watu wa enzi yake. Machifu walikusanya kodi na kuwatafutia walowezi vibarua. Mwaka 1921 na 1922, Harry Thuku aliwalaumu hadharani kwa kuwalazimisha wanawake na wasichana kufanya kazi. Kinyanjui alibaki upande wa serikali. Lawama hiyo ina uzito kwa sababu ilitoka kwa walioumia wakati huo.

Funzo kwa mtahiniwa
Unapomhakiki mhusika wa kihistoria katika kitabu teule, jiulize: Alijua nini? Alikuwa na njia gani nyingine? Waliomzunguka walimwonaje? Ukijibu hayo ndipo umwite shujaa au msaliti.

Zoezi
1. Eleza kwa nini neno taifa halimfai Kinyanjui wa mwaka 1892. (alama 6)
2. Kinyanjui anastahili lawama. Jadili. (alama 14)