Marehemu Shaaban Robert na Somo la Riwaya

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja na madaftari matatu yaliyofungwa kwa uzi. Aliniamkia kwa adabu, akaniita Maalim, akaniomba nimfundishe namna ya kutengeneza riwaya. Niliyasoma madaftari yale kwa siku mbili. Lugha yake ni safi, lakini kila mtu aliyemo humo anasema kama khatibu wa Ijumaa. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mimi pia ninayo riwaya sandukuni, ilirudishwa na wachapishaji zamani, na ila yake ni hiyo hiyo. Beti za mizani kumi na sita naziweza tangu ujana. Nikiingia katika nathari, wahusika wangu wote hugeuka mimi.

Basi badala ya somo nilimhadithia maisha ya Marehemu Shaaban Robert, nami leo nawahadithia ninyi wasomaji.

Bwana huyu alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha. Huko alikaa hadi 1944. Baadaye alifanya kazi katika idara ya wanyama, katika ofisi ya wilaya Tanga na katika idara ya upimaji wa ardhi. Nayataja haya kwa sababu vijana wengi hungoja wapate nafasi ndipo waandike. Yeye alikuwa mtu wa ajira karibu maisha yake yote, na vitabu vyake vikatoka.

Alianza na mashairi, na jina lake lilijulikana kwa wasomaji wa gazeti la Mambo Leo kabla hajajulikana kwa hadithi. Kwa hivyo alikuja kwenye nathari na mzigo ule ule tulio nao sisi malenga: kupenda kuonya. Je, aliutua? Hakuutua. Alitafuta pa kuuweka.

Tazameni Kusadikika, kilichotoka 1951. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na mtumishi wa serikali hakuweza kuandika wazi kuhusu watawala wasiosikia. Akabuni nchi iliyo angani. Katika nchi hiyo Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la manufaa, na kila mmoja akatiwa kifungoni. Safari sita zimetungwa katika uzi mmoja kama tasbihi, na uzi wenyewe ni ile kesi.

Hapa ndipo lilipo somo. Ndani ya Kusadikika mna mawaidha mengi kuliko yaliyomo katika madaftari ya kijana wangu na sanduku langu pamoja. Hata hivyo msomaji hasinzii, kwani anayesema ni mtu ambaye shingo yake imo hatarini. Akinyamaza ataangamia, na akisema vibaya ataangamia vile vile. Maneno ya hekima kinywani mwa mtu asiye na la kupoteza ni hotuba. Kinywani mwa mshitakiwa huwa ni hadithi.

Wako wanaomlaumu Marehemu kwa majina. Majivuno hana siku asiyojivuna, na Karama hateteleki. Lawama hiyo ni ya haki, na anayeandika leo asimwige katika hilo. Lakini asome pia Adili na Nduguze, cha 1952. Adili analazimika kuwapiga kila usiku manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa. Mwema amefungwa kwenye kazi ya ukatili. Hapo jina na tendo vinagombana, na pale penye ugomvi huo ndipo mtu anapopata roho.

Somo la mwisho ni subira. Kufikirika, hadithi ya mfalme aliyekuwa na kila kitu ila mtoto, aliiandika katika miaka ya 1940. Alifariki Juni 1962 bila ya kuiona imepigwa chapa. Ilitoka hapa Nairobi mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilifuata 1968. Leo husomwa na watu ambao babu zao walikuwa watoto alipokufa.

Chuoni tulianza na alifu, na hakuna aliyefunguliwa juzuu kabla ya kuzijua irabu. Irabu ya riwaya, nilimwambia kijana, ni swali moja: anayesema atapoteza nini? Alichukua madaftari yake akaenda, sijui kama aliridhika. Usiku ule nilifungua sanduku langu. Katika sura kumi na mbili niliona mbili tu zenye mtu mwenye la kupoteza. Nimeanza upya na hizo mbili.

Mwenyezi Mungu amrehemu Shaaban Robert na amlaze mahali pema.