Toweett wa Kericho, Mwenzi wa Ngala

Sisi watu wa Mwambao tukitaja majimbo, jina la kwanza kutujia ni la marehemu Ronald Ngala. Ni haki yake. Lakini Ngala hakuivuta kamba ile peke yake. Huko bara, katika vilima vya majani chai vya Kericho, alikuwako mwenzake, marehemu Dakta Taaitta Toweett. Jina lisimpotoshe msomaji: hakuwa Mtaita, alikuwa Mkipsigis.

Alizaliwa mwaka 1925, zama ambazo ardhi nono ya wazee wake ilikuwa ikiingia mikononi mwa walowezi na makampuni ya chai. Alisoma Makerere, kisha Uingereza. Mwaka 1958 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, ambamo Ngala alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja.

Uhuru ulipokaribia, swali lilikuwa moja: Mzungu akiondoka, ardhi itakuwa ya nani? Makabila madogo yaliogopa kumezwa na makubwa. Toweett akaongoza chama cha Wakalenjin, Ngala akaongoza cha Pwani, na mwaka 1960 vyama hivyo na vinginevyo vikaungana vikawa KADU. Wote wawili walikwenda London katika mikutano ya katiba. KADU ilipoingia serikalini mwaka 1961, Toweett akapewa uwaziri.

Majimbo yalipatikana katika katiba ya 1963, lakini hayakudumu. Novemba 1964 KADU ikajivunja, na madaraka yote yakarejea Nairobi.

Hapo ndipo maisha ya bwana huyu yanapotupa la kufikiri. Yeye aliyetaka madaraka yagawanywe, baadaye alikuwa nguzo ya serikali iliyoyakusanya. Alikuwa Waziri wa Elimu mwishoni mwa 1973, Mzee Kenyatta alipotangaza kuondolewa ada darasa la kwanza hadi la nne. Mwaka 1976 UNESCO ilipofanya mkutano wake mkuu Nairobi, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa mkutano. Miaka mitatu baadaye wapiga kura wa Buret walimnyima kiti.

Wengine watasema aliuza msimamo wake. Labda, lakini kuna jambo moja ambalo hakulitupa, nalo ni lugha ya mama yake. Akiwa mtu mzima mwenye vyeo, aliketi tena kama mwanafunzi, akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa utafiti wa lugha ya Wakalenjin, na akaandika habari za kale za Wakipsigis. Sisi tunaojivunia washairi wetu tunaijua thamani ya kazi hiyo.

Neno majimbo lenyewe lilikuja kuchafuliwa. Katika miaka ya 1990 watu walichomewa nyumba na kufukuzwa, Bonde la Ufa na hata kwetu Likoni mwaka 1997, na wachochezi wakajificha nyuma ya neno hilo. Kugawana madaraka si kumfukuza jirani.

Ngala alifariki Desemba 1972 baada ya ajali ya gari. Toweett naye alichukuliwa na ajali ya barabarani, Oktoba 2007. Katiba ya kaunti ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2013 Kericho, Bomet, Kilifi na Mombasa zikapata magavana wao. Waliopanda hawakuwapo siku ya mavuno. Tuliopo ndio tutakaoulizwa tumeyatumiaje.